MWANAFUNZI WA UDAKTARI KANDO YA KITANDA CHAKO



Mama mmoja aliyelazwa wodini kwetu aliniuliza kwa hasira: "Sista, kijana huyu yuko mwaka wa kwanza tu. Amekuja kujifunzia kwenye mwili wangu?" Swali lake ni la haki, na wengi hujiuliza hivyo moyoni.

Zamani mwanafunzi wa udaktari alikaa kama miaka miwili na vitabu, maiti na maabara, ndipo apelekwe wodini. Siku hizi vyuo vingi huanza mapema kumfundisha kazi ya mikono: kunawa, kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi, kupima joto na presha, na kumsikiliza mgonjwa. Kwanza hufanya mazoezi kwa sanamu na kwa wenzake, ndipo aje kwa mgonjwa akiwa na msimamizi. Jambo hili si geni kabisa. Katika mji wa Cleveland, Marekani, chuo cha udaktari cha Western Reserve kilianza mtaala mpya mwaka 1952, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikabidhiwa familia yenye mama mjamzito waifuatilie.

Kwa nini mapema? Samaki mkunje angali mbichi. Tabia ya mikono ikishakomaa vibaya, ni vigumu kuinyoosha.

Tujifunze kutoka Vienna, Austria. Huko wanafunzi na madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Aprili 1847, kati ya kila akina mama 100 wa wodi hiyo, 18 hivi walikufa, wengi kwa homa ya uzazi. Katikati ya Mei, Daktari Ignaz Semmelweis aliagiza wote wanawe kwa maji yenye klorini. Mwezi Juni vifo vilishuka hadi 2 hivi kwa kila 100. Vijana wale hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kunawa hivyo.

Basi mwanafunzi akija kwako, kumbuka haya:

1. Ajitambulishe kwamba ni mwanafunzi.
2. Aombe ruhusa kabla ya kukugusa. Unaweza kukataa, na matibabu yako yasipungue.
3. Anawe mikono. Ukiwa na shaka, muulize bila kuogopa.
4. Awepo mtu wa kumsimamia.
5. Atunze siri zako.

Ukikubali, mweleze ugonjwa wako polepole, na umwambie panapouma. Hapo wewe ni mwalimu wake.

Nilimjibu mama yule hivyo hivyo. Kijana alinawa, akaomba ruhusa, akahesabu mapigo kwa dakika nzima. Nami nikahesabu baada yake, tukapata sawa. Mama akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono wa pili ili apimwe presha.