Foleni, Jua na Mtoto wa Miaka Miwili

Kila ufikapo mwezi wa Desemba na shule kufungwa, watu wengi hufunga safari kwenda mikoani kuwaona wazazi na ndugu zao. Mabasi hujaa, mizigo hupangwa hadi njiani, na watoto wadogo hupakatwa. Tuchukue mfano wa baba na mama wanaosafiri na mtoto wao wa miaka miwili, mwenye uzito wa kilogramu 12. Basi lao limeondoka alfajiri. Yapata saa tano ya mchana linasimama nyuma ya safu ndefu ya magari yanayosubiri kupimwa katika kituo cha mizani. Dereva anazima injini. Upepo uliokuwa ukiingia madirishani unakoma.

Baada ya nusu saa mtoto anaanza kulia. Baada ya saa nzima amekwisha kataa biskuti, amemtupa mwanasesere wake, na hataki tena kupakatwa. Abiria wa kiti cha nyuma ananung'unika, "Mtoto huyu ameendekezwa." Mama anaona haya, anambembeleza mwanawe, "Nyamaza, baba, tutafika sasa hivi." Mtoto anazidi kulia.

Je, ni kweli kwamba mtoto huyu ameendekezwa? Na je, kukawia kwa basi ni mkosi tu? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali yote mawili yana jibu moja, nalo ni hapana. Foleni ina kanuni zake, na mwili wa mtoto una kanuni zake. Kanuni hizo, ingawa zatoka katika matawi mbalimbali ya sayansi, zinahusu jambo lile lile, yaani akiba.

FOLENI HUKUA NAMNA GANI?

Watu wengi hudhani kwamba magari yakiongezeka kidogo, muda wa kungoja nao huongezeka kidogo. Sivyo ilivyo. Mtu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa hisabati alikuwa Agner Krarup Erlang wa Denmark. Yeye alishughulika na simu za mji wa Copenhagen, akachapisha uchunguzi wake wa kwanza mwaka 1909. Hisabati ile ile hutumika leo kwa magari, meli, na wagonjwa wanaongoja kumwona daktari.

Tufikirie kituo cha mizani chenye njia moja. Tuseme kila gari huchukua wastani wa dakika 5 kupimwa. Basi kituo kinaweza kupima magari 12 kwa saa. Tuseme pia kwamba magari hufika bila mpangilio, mara mawili kwa pamoja, mara hakuna hata moja, na kwamba muda wa kupima nao hubadilika-badilika vivyo hivyo. Kanuni ya foleni ya namna hii ni rahisi. Gawanya idadi ya magari yanayofika kwa saa kwa tofauti kati ya uwezo wa kituo na idadi hiyo, kisha zidisha kwa muda wa kupima gari moja. Jibu ni wastani wa muda wa kungoja kabla ya kupimwa.

Yakifika magari 6 kwa saa, tunapata 6 kugawanya kwa 6, mara dakika 5: wastani wa kungoja ni dakika 5. Yakifika magari 9, tunapata 9 kugawanya kwa 3, mara 5: ni dakika 15. Yakifika magari 11, tunapata 11 kugawanya kwa 1, mara 5: ni dakika 55. Yakifika 12, foleni haina mwisho. Huendelea kurefuka maadamu magari yanaendelea kufika kwa kasi hiyo.

Mwanafunzi na atazame vizuri hesabu hiyo. Kutoka magari 9 hadi 11 ni ongezeko la magari mawili tu kwa saa, lakini muda wa kungoja umekaribia kuwa mara nne. Sababu yake ni hii. Kituo chenye nafasi ya ziada hupata muda wa kupumua. Foleni ikitokea, huyeyuka kabla kundi jingine halijafika. Kituo kisicho na ziada hakipati muda huo, na kila kukawia kunarithiwa na magari yanayofuata. Ndiyo maana wakati wa likizo, ambapo magari huongezeka kiasi, kukawia huongezeka kupita kiasi.

Ndiyo maana pia nafasi ya ziada katika usafiri si upotevu wa mali. Kwa miaka mingi wasafiri wa Mwanza, Sengerema na Geita walivuka Ghuba ya Mwanza kwa pantoni kati ya Kigongo na Busisi, na kungoja zamu ya kuvuka kulikuwa sehemu ya safari. Mwezi Juni mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la urefu wa kilometa 3 hivi mahali hapo. Daraja halikuyapunguza magari hata moja. Lililofanya ni kuongeza uwezo wa njia, na foleni ya kungoja pantoni ikatoweka.

MWILI MDOGO, NGOZI KUBWA

Sasa tumrejee mtoto wetu. Kwanza tujikumbushe somo la maumbo. Mchemraba wenye upande wa sentimeta 10 una eneo la sentimeta za mraba 600 na ujazo wa sentimeta za ujazo 1,000. Mchemraba wenye upande wa sentimeta 20 una eneo la 2,400 na ujazo wa 8,000. Ujazo umekuwa mara nane, lakini eneo limekuwa mara nne tu. Kwa hiyo, umbo likiwa dogo, eneo lake la nje huwa kubwa kwa kulinganisha na kilichomo ndani.

Ndivyo ulivyo mwili wa binadamu. Mtu mzima wa kilogramu 70 ana ngozi yenye eneo la meta za mraba 1.8 hivi. Mtoto wa kilogramu 12 ana meta za mraba 0.54 hivi. Mtu mzima amemzidi mtoto uzito kwa karibu mara sita, lakini amemzidi ngozi kwa mara tatu na kidogo tu. Kila kilogramu ya mtoto ina sentimeta za mraba 450 za ngozi. Kila kilogramu ya mtu mzima ina 257 tu. Ngozi ndiyo mlango wa joto na wa maji. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, mtoto hupokea joto upesi. Na wakati wote maji humpotea upesi kuliko mtu mzima.

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Malcolm Holliday na William Segar, walitoa kanuni ya kukadiria maji anayohitaji mtoto mgonjwa kwa siku, nayo ingali inatumika hospitalini: mililita 100 kwa kila kilogramu katika kilogramu 10 za kwanza, na mililita 50 kwa kila kilogramu katika 10 zinazofuata. Kwa mtoto wetu ni mililita 1,100 kwa siku, au mililita 92 kwa kila kilogramu. Kanuni hiyo hiyo ikiendelezwa hadi kwa mtu mzima wa kilogramu 70, hupatikana mililita 36 hivi kwa kila kilogramu.

Tazama basi udogo wa akiba yake. Mtoto akipoteza maji yaliyo sawa na asilimia 5 ya uzito wake, dalili za upungufu wa maji huanza kuonekana. Asilimia 5 ya kilogramu 12 ni gramu 600, yaani bilauri tatu za maji. Mtu mzima hana budi kupoteza lita tatu na nusu ili afikie kiwango hicho. Mtoto akiwa anaharisha au kutapika, bilauri hizo tatu zaweza kumtoka katika muda wa saa chache.

JOTO LA GARI LILILOSIMAMA

Gari linapokwenda, upepo huiondoa hewa yenye joto na unyevu iliyoizunguka ngozi, na jasho hupata kukauka. Kukauka huko ndiko kunakotupoza, kwa kuwa kila gramu ya jasho inayogeuka mvuke huchukua joto la joule 2,400 hivi kutoka mwilini. Gari likisimama, hewa hutulia na kujaa unyevu wa pumzi na jasho la abiria. Jasho hutiririka badala ya kukauka, nalo halipozi. Isitoshe, mtoto hutoa jasho chache kuliko mtu mzima kwa kila eneo la ngozi yake.

Mtoto aliyepakatwa ana shida ya ziada. Mtu mzima aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na taa ya umeme ya zamani ya wati 100. Mgongo wa mtoto umeegemea taa hiyo, na upande huo haupati hewa hata kidogo. Anapojinyonga ili atoke mapajani, hafanyi ukaidi. Anatafuta mahali pa kupoa.

Jambo moja linahitaji onyo kali. Mtoto asiachwe peke yake katika gari lililofungwa, hata kwa dakika chache za kununua mkate. Nuru ya jua hupita katika vioo na kupasha moto viti, navyo hupasha moto hewa isiyo na pa kutokea. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Sentigredi kwa saa moja, na sehemu kubwa, yaani asilimia 80, hupanda katika nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukuleta nafuu ya maana.

"SASA HIVI" YA MTOTO

Akiba ya tatu iliyo ndogo ni ile ya subira. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutuwezesha kujizuia na kuyafikiria yajayo, huendelea kukomaa hadi mtu apitapo miaka 20. Kwa mtoto wa miaka miwili maneno "baada ya saa moja" hayana maana. Analojua ni kwamba yupo hapa, ana joto, ana usingizi, na jambo hilo halina mwisho. Watoto wa umri huu huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 katika saa 24, ukiwemo wa mchana. Aliyeamshwa alfajiri ili kuwahi basi amekwisha tumia sehemu ya akiba yake kabla ya safari kuanza.

Hata hivyo subira yaweza kusaidiwa. Mwaka 1972 mtaalamu wa elimunafsi Walter Mischel na wenzake katika Marekani walieleza majaribio yao juu ya watoto wadogo walioahidiwa kitu kitamu endapo wangesubiri. Waliopewa cha kuchezea, au walioelekezwa kufikiria mambo ya kufurahisha, walisubiri kwa muda mrefu kuliko wale ambao mawazo yao yalibaki juu ya kile walichokingoja. Kwa hiyo kumwambia mtoto kila mara "tutafika sasa hivi" ni kumkumbusha asichoweza kukipata. Afadhali kuhesabu naye malori yanayopita.

YAFAAYO KUFANYWA

Kutokana na hayo twaweza kuchota mashauri machache. Kama inawezekana, safari ianze siku moja au mbili kabla au baada ya kilele cha likizo. Tumekwisha ona tofauti ya magari mawili kwa saa. Basi likisimama kwa muda mrefu, na ikiwa ni salama, mtoto ashushwe akae kivulini penye upepo. Apewe maji safi kidogo kidogo tangu mwanzo, bila kungoja alie. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Nguo ziwe nyepesi, na mwili wake upanguswe kwa kitambaa chenye maji. Chakula kiwe kidogo na cha mara kwa mara. Ikiwa midomo imekauka, macho yameingia ndani, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, au amelegea na kunyamaza isivyo kawaida, apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Mtoto aliaye bado ana nguvu. Anayenyamaza kwa kulegea ndiye wa kuogopewa zaidi.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu waweza kuithibitisha kanuni ya umbo dogo kwa urahisi. Chukua makopo mawili ya bati yenye umbo linalofanana, moja dogo na jingine kubwa. Yajaze maji ya mtungi mmoja, uyafunike, kisha uyaweke juani pamoja. Pima joto la maji katika kila kopo kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja, na uchore grafu mbili katika karatasi moja. Wanafunzi waulizwe: ni kopo lipi limepata joto upesi, na kwa nini? Kisha yahamishiwe kivulini, na waulizwe ni lipi litakalopoa kwanza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kituo cha mizani kisicho na akiba ya nafasi hulemewa na magari mawili. Mwili usio na akiba ya maji hulemewa kwa bilauri tatu. Foleni ya likizo huwakutanisha wawili hao. Abiria wa kiti cha nyuma, badala ya kunung'unika, angeweza kufungua dirisha lake zaidi, au kumpa mama huyo kiti cha upande wa kivuli.