Barua ya rubani si kimemo

Jumamosi iliyopita jioni alinijia jirani yangu mmoja wa hapa Nyakato, mzee mwenye duka la vipuri vya magari karibu na Buzuruga. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Nilimwamkia, akaniitikia, akaketi, kisha akaimimina ile bahasha juu ya meza. Zilikuwa barua tano: ya mwenyekiti wa mtaa, ya diwani, ya mchungaji wao, ya mwalimu mkuu wa shule aliyosoma mwanawe, na ya mheshimiwa mmoja mstaafu. Zote zimegongwa mihuri. Zote zinasema kijana ni mwadilifu, ana nidhamu, anatoka katika familia bora, na kwamba anafaa kupewa kazi ya urubani.

"Sasa mwanangu, imebaki ya sita," mzee akaniambia. "Wewe sauti yako watu wanaijua. Ukiandika wewe, hawatakataa."

Kijana mwenyewe namfahamu tangu anacheza mpira wa makaratasi hapa barabarani. Alirudi mwaka jana kutoka chuo cha urubani Afrika Kusini. Ili alipiwe ada, baba yake aliuza kiwanja cha Kisesa, akauza na ng'ombe wa urithi. Leseni anayo, na saa mia mbili na ushei za kuruka anazo, lakini mwaka unakatika na kazi hana. Nilimjibu mzee, "Nisamehe mzee wangu, barua hiyo siwezi kuiandika." Alinyamaza, akaanza kukusanya karatasi zake moja moja, nami nikaona nimemuumiza. Juma hili nataka nieleze kwa nini nilikataa, maana najua mzee huyu hayuko peke yake.

Wazazi wetu walituachia kitu kinaitwa kimemo. Enzi za maduka ya RTC, mtu akitaka bati, akitaka kreti za bia za harusi, akitaka nafasi ya mtoto mahali fulani, alimtafuta mkubwa amwandikie mistari miwili: mleta barua hii ni ndugu yangu, msaidie. Kimemo hakikueleza mleta barua anajua nini. Kilieleza nani yuko nyuma yake. Sukari ilirudi madukani, lakini mazoea ya kimemo hayakuondoka, na ndiyo maana hata leo mtu akisikia neno "wadhamini" kwenye tangazo la kazi anakimbilia kutafuta mkubwa.

Hebu tulisome tangazo lenyewe. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotangaza nafasi, humtaka mwombaji ataje majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, pamoja na anuani zao. Haisemi lete barua tatu za sifa. Inataka watu wanaoweza kutafutwa na kuulizwa. Na kuuliza kuna sababu. Mwezi Aprili mwaka 2017, ripoti ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hivyo ni vyeti, karatasi zenye namba, zenye kumbukumbu katika Baraza la Mitihani. Kama hivyo vimeghushiwa, barua ya sifa itakuwa na kinga gani?

Sasa tuje kwa rubani. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambavyo nchi yetu nayo inavifuata, leseni ya rubani wa biashara huanzia kwenye saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria, inadai saa 1,500. Kila saa huandikwa katika kitabu cha rubani, wenyewe hukiita logibuku: tarehe, ndege, alikotoka, alikokwenda, aliruka na nani. Leseni hapa kwetu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA kwa kifupi.

Kumbe basi kampuni ikishaiona leseni na logibuku, inataka barua ya nini tena?

Inataka yale ambayo leseni haisemi. Leseni inasema mtu huyu amefikia kiwango. Haisemi alifikia kwa jaribio la kwanza au la nne. Haisemi anakuwaje mawingu yanapofunga ghafla juu ya ziwa naye amebakiza dakika kumi atue. Haisemi kama akisahihishwa hushukuru au hununa. Anayeyajua hayo ni mtu mmoja tu, aliyekaa kiti cha pembeni yake: mwalimu wake wa kuruka, mkaguzi aliyempima, nahodha aliyekuwa naye zamu. Diwani wetu ni mtu mwema, lakini hajawahi kukaa kiti hicho.

Kwa hiyo barua ya rubani, inapokuwa barua kweli, haina sifa nyingi. Ina majibu. Alikuwa kwenu kuanzia lini hadi lini? Alirusha ndege za aina gani, saa ngapi, na katika hizo ni ngapi yeye ndiye alikuwa kiongozi wa ndege? Amewahi kushindwa kipimo, na baada ya hapo mlifanya nini? Amewahi kupata ajali au tukio? Aliondoka mwenyewe au aliondolewa? Na la mwisho, ambalo nasikia ndilo huwatoa watu jasho: ungemwajiri tena? Aghalabu kampuni haipokei majibu hayo kutoka mkononi mwa mwombaji. Inapiga simu yenyewe, au inataka barua iende moja kwa moja kutoka ofisi hadi ofisi. Huko nje, zikiwemo kampuni za Ghuba ambako vijana wetu wengi wanatamani kufika, huongezwa pia uthibitisho wa leseni kutoka mamlaka iliyoitoa, pamoja na barua inayosema mwombaji hana rekodi ya ajali.

Nani aliwafundisha ukali huo? Waliufundishwa na makaburi. Tarehe 13 Desemba 1994, huko Marekani, ndege ndogo ya abiria ya American Eagle ilianguka ikikaribia uwanja wa Raleigh-Durham. Watu 15 kati ya 20 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba nahodha, katika kampuni aliyotoka, alitiliwa shaka kiasi cha kupendekezwa aachishwe kazi, akajiuzulu mwenyewe. Kampuni mpya ilimpokea bila kuzipata kumbukumbu hizo. Mwaka 1996 Bunge la Marekani likapitisha sheria: kabla ya kumwajiri rubani, kampuni lazima ipate kumbukumbu zake za miaka mitano kutoka kwa waajiri wa zamani, na hata zile za udereva wa gari. Sheria hiyo iliweka jambo moja la busara sana: mwajiri wa zamani anayetoa kumbukumbu za kweli hawezi kushtakiwa kwa kuzitoa.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe. Waajiri waliogopa kesi, kwa hiyo waliandika barua tupu: fulani alifanya kazi hapa tangu mwezi fulani hadi mwezi fulani, tunamtakia heri. Barua za namna hiyo tunazo hata hapa kwetu, kabatini mwako huenda imo moja. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Ni haki yako, kidai. Lakini cheti hicho kinathibitisha kwamba ulikuwepo. Kwa dereva wa lori pengine hicho kinatosha, ingawa nina shaka. Kwa rubani hakitoshi.

Na hata Marekani sheria haikuziba kila tundu. Tarehe 23 Februari 2019 ndege ya mizigo ya Atlas Air ilianguka karibu na Houston, wote watatu waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani msaidizi alikuwa amemficha mwajiri historia yake ya kushindwa mafunzo kwingine. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2020, waziri wa Pakistani alisema bungeni kwamba marubani 262 kati ya 860 walikuwa na leseni za mashaka. Waliofutiwa leseni hatimaye walikuwa wachache kuliko hao, lakini angalia kilichotokea: Vietnam ikawasimamisha marubani wote wenye leseni za Pakistani hadi wahakikiwe, na waliosoma kwa jasho wakakaa chini pamoja na walionunua.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Siitaji ajali ile kwa sababu ya barua ya mtu yeyote, la hasha, na sina neno juu ya marubani wale. Naitaja kwa kuwa abiria hana njia ya kumchagua anayekaa mbele. Kampuni ndiyo inayomchagulia, nayo inategemea mtu fulani aseme kweli kwenye simu.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia barua kijana mmoja aliyetaka kazi ya fundi mitambo. Nilimsifu kwa ukurasa mzima. Siku mbili baadaye mwajiri akanipigia, akauliza swali moja tu: "Mitambo ikizimika matangazo yakiwa hewani, huyu hufanya nini kwanza?" Sikujua. Sikuwahi kumwona kazini hata siku moja. Kijana alikosa kazi, na hadi leo sijui kama alistahili kuikosa.

Basi kwa kijana mwenye saa mia mbili, ambaye hajawahi kuajiriwa, wadhamini wake ni wepi? Mkuu wa mafunzo wa chuo chake. Mwalimu aliyeruka naye saa nyingi zaidi. Kama aliwahi kufanya kazi nyingine, hata ya kupakia mizigo uwanjani, msimamizi wake wa hapo. Awaombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao, na ahakikishe namba zao za simu bado zinapatikana. Mdhamini asiyepokea simu ni sawa na hayupo. Alipofeli aseme mwenyewe, kwa sababu mwalimu ataulizwa tu, na kosa lililofichwa hugeuka kuwa uongo. Akishapata kazi, pengine kwenye zile ndege ndogo za injini moja zinazopeleka watalii mbugani, ajue barua yake inayofuata imeanza kuandikwa siku hiyo hiyo. Kampuni ikimlipia mafunzo ya ndege kubwa kwa mkataba wa miaka kadhaa, akatoroka kabla ya muda, marubani wa nchi hii ni wachache na wanajuana.

Jumapili nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Tulimwita kijana, tukakaa uani, akamwandikia mwalimu wake barua pepe kwa simu. Jibu lilikuja Jumatatu jioni. Mwalimu alikubali kuwa mdhamini, ila alitoa tahadhari: kampuni ikimuuliza, atasema kwamba kijana alishindwa mtihani wa kuruka kwa kutegemea vyombo mara ya kwanza, akafaulu mara ya pili.

Kijana alimtazama baba yake. Nadhani mzee alikuwa hajui. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza hiyo mara ya pili ilikuwa baada ya siku ngapi.

"Siku kumi na mbili, baba."

"Mwambie aseme," mzee akajibu, akaingia ndani kuirudisha bahasha yake.