Siku Moja Juu ya Tuta la Reli ya Zamani

Mjini Cumberland, jimbo la Maryland, Marekani, ndipo inapoanzia Great Allegheny Passage, njia ya baiskeli ya takriban kilomita 240 hadi Pittsburgh. Sehemu yake kubwa ilikuwa reli. Vyuma na mataruma viling'olewa, changarawe laini ikatandazwa mahali pake.

Siku ya kwanza ndiyo mtihani. Garimoshi haliwezi mlima mkali, hivyo wahandisi waliulaza mwinuko. Lakini upole huo haukomi kwa kilomita 38 hivi, hadi kileleni, mita 729 juu ya usawa wa bahari. Mwenye pupa huchoka mapema. Kwa hiyo familia yenye watoto na imtangulize aliye dhaifu zaidi, wengine wafuate mwendo wake.

Kabla ya kilele lipo handaki la Big Savage, refu kama kilomita moja, lenye ubaridi hata wakati wa joto. Sweta ziwe karibu.

Mvua inyeshayo upande huu wa kilele huishia Ghuba ya Chesapeake. Ng'ambo yake, Ghuba ya Mexico. Kutoka hapo baiskeli huteremka hadi Meyersdale, na mtoto aliyetangulizwa hufika pamoja na wenzake.