Mbegu tano kutoka Bulaya

Ujerumani inaruhusu watu wazima kupanda bangi nyumbani tangu mwaka 2024. Jamaa zetu walio kule wanajaribu, na wengine wanatuma mbegu huku. Kwa nyumba ya mtu wa mine, bahasha ndogo kama hiyo inaweza kuleta maneno makubwa.

Mama mmoja wa Katuba alitufikia ku biro juma lililopita. Alifungua kona ya kitenge chake, pale akina mama wanapofunga franka za soko, akatoa bahasha ndogo ya plastiki. Ndani mulikuwa mbegu tano za rangi ya kahawia, zenye madoadoa, kubwa kuliko mbegu za lengalenga na ndogo kuliko za maboga. Alizikuta chini ya godoro la mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 22.

« Baba, munisomee hii karatasi, alituambia. Iko na maandiko ya Bulaya. Mutoto anasema ni mbegu ya maua. »

Tulisoma. Kijana hakusema uongo wote: ni maua kweli, lakini ni maua ya bangi. Na karatasi ilieleza kwamba ni bangi ya aina inayochanua yenyewe, ile ambayo watu wanaopanda mara ya kwanza wanaambiwa ni rahisi. Zilitumwa na binamu yake anayeishi Essen, Ujerumani, mu mikono ya msafiri.

Mama alinyamaza kidogo. Bwana yake anaendesha kamioni kubwa mu mine, sasa mwaka wa 19. Kijana mwenyewe ameweka dosi yake ku kampani, anangojea kuitwa. Mama alikuwa na maulizo matatu. Je, ni kweli kwamba kule inaruhusiwa? Hii mbegu inaota huku? Na kazi ya papa, itakuwa namna gani? Tuliona kwamba maulizo haya si yake peke yake. Kwa hiyo tunayajibu hapa, bila kutaja majina, kwa heshima ya jamaa.

Kule inaruhusiwa, lakini kwa masharti

Ndiyo, ni kweli. Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mwenye miaka 18 na zaidi anayeishi Ujerumani anaweza kupanda bangi kwake, lakini isipite miti mitatu. Anaweza kuweka nyumbani gramu 50 zilizokauka, na kubeba njiani gramu 25. Lazima awe ameishi kule miezi 6 kwanza. Mgeni aliyefika jana hana ruhusa hiyo.

Watu wengi wanaishia hapo kusoma. Lakini sheria ileile inasema tena: miti na mavuno vikae mahali ambapo watoto hawafiki. Asivute karibu na masomo wala mahali watoto wanapochezea. Asiendeshe motokari bangi ikiwa bado ndani ya damu kupita kipimo kilichowekwa. Na mavuno ya nyumbani ni ya mwenyewe: hana ruhusa kuyauza, wala kumgawia rafiki, hata bure.

Kuna jambo moja ambalo watu wa mine watalielewa upesi. Essen iko katika bonde la Ruhr, inchi ya makaa ya mawe. Kule pia kampani zilijengea wafanya kazi nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa bustani ya viazi na mboga, pamoja na mbuzi wa maziwa. Mbuzi huyo walimuita ng'ombe wa mchimba mine. Mine ya mwisho ya makaa katika bonde hilo, Prosper-Haniel ya Bottrop, ilifungwa mwezi wa Desemba 2018. Bustani ndogo za kukodi, mbali na nyumba, zingali nyingi kule. Lakini hata katika bustani hizo bangi haipandwi, juu ya mtu hana ruhusa kuishi pale. Sheria inasema: pale unapolala. Ruhusa imefungwa ku mahali. Haiingii mu valizi, na haisafiri mu bahasha.

Saa iliyo ndani ya mbegu

Ulizo la pili ni la shamba, nasi tuliliona lina utamu wake.

Bangi ya kawaida inasikiliza usiku. Siku zikiwa ndefu, inakua majani tu. Usiku ukirefuka mpaka kukaribia masaa 12, ndipo inaanza kutoa maua. Sasa muangalie Essen: mu mwezi wa sita jua linakaa juu kupita masaa 16. Mti unangoja, unangoja. Usiku unaporefuka, baridi na mvua ya Oktoba viko karibu, na maua yanaoza kabla ya kukomaa.

Upande wa Urusi kuna bangi ya porini, fupi na nyembamba, ambayo haingoji usiku. Mwaka 1924 mtaalamu wa mimea wa kule, Dmitri Janischewsky, aliiandika kwa jina la Cannabis ruderalis. Jina hilo linatoka katika neno la Kilatini la kifusi, juu ya mti huo unapenda kuota mahali palipobomolewa na kandokando ya njia. Kwa kuwa majira ya joto ni mafupi kule, umejifunza kuhesabu siku zake wenyewe: majuma machache tangu kuota, unachanua, jua likae juu au lisikae. Ndio uliochanganywa na bangi nyingine, ikazaliwa mbegu hii inayochanua yenyewe. Tangu kuota mpaka kuvuna ni karibu majuma 10, na mti haupiti sana kiuno cha mtu.

Sasa turudi Lubumbashi. Hapa siku ndefu ya mwaka ni karibu masaa 12 na dakika 50. Fupi ni karibu masaa 11 na nusu. Tofauti ni ndogo. Bangi ya zamani, ile ambayo wakubwa wetu waliijua, haikuhitaji saa ya namna hiyo, juu ya usiku wetu ni mrefu mwaka mzima. Kwa neno moja, mbegu hii ilitengenezwa kwa kuponya ugonjwa wa Bulaya. Sisi ugonjwa huo hatuna. Anayeiuza huku kwa bei kali akisema ni ajabu, anauzia mtu mwavuli ndani ya nyumba.

Makosa ya mara ya kwanza

Tulimuita binamu ku telefone. Mwanzoni alicheka. Kisha akatueleza namna alivyoanza yeye, na hakuficha kitu.

Alinunua taa, akaiweka ndani ya kabati, akaiwasha masaa 18 kila siku. Alipanda mbegu tatu. Kila asubui alizimwagia maji, juu ya alizipenda. Mbili zilioza mizizi, majani yakalegea kama ya mti wenye kiu, naye akaongeza maji tena. Mti wa tatu aliuotesha ndani ya kopo dogo, kisha akauhamisha ku chungu kikubwa kwa haraka, mizizi ikakatika. Mti wa kawaida ungepumzika majuma mawili na kuendelea. Huu saa yake ilikuwa inatembea. Ulichanua ukiwa mrefu kama mkono, na mavuno yake yalijaa kiganja kimoja.

« Banasema ni rahisi kwa mwenye kuanza, alituambia. Hapana. Ni ya haraka, lakini haikungoje. Ukiharibu juma moja, hautalipata tena. »

Tulimuuliza juu ya nini alituma mbegu. Alijibu kwamba mdogo wake alikuwa analia kila siku mu telefone kwamba hana kazi, naye alifikiri kwamba kijana angeweza kupata franka kidogo. Tulimkumbusha kwamba hata kwake, kule kwenye ruhusa, kuuza mavuno ya nyumbani ni kosa. Hapo hakucheka tena.

Huku kwetu

Katika Kongo, bangi imekatazwa: kuipanda, kuiuza, kuibeba, hata kuwa nayo. Katazo si la leo. Tayari mwaka 1903, wakati wa Léopold II, dekreti ilikataza bangi ya kuvuta mu inchi.

Hatusemi kwamba mti huu ni mgeni kwetu. Mu Kasaï, miaka ya 1880, Mujerumani Wissmann alipofika kwa chefu Kalamba Mukenge, alikuta watu wanaojiita Bena Diamba, wana wa bangi. Walivuta pamoja, na kuvuta pamoja kulikuwa alama ya amani na urafiki kati yao. Watoto wa Kasaï wengi walikuja baadaye Katanga kufanya kazi ya mine. Kwa hiyo mzee anayesema « ile kintu tuliijua mbele ya muzungu » hasemi uongo. Lakini desturi ya zamani haimtetei mtu mbele ya muzuzi.

Na kuna jambo ambalo vijana hawalifikirii. Parsela iko kwa jina la papa. Polisi wakikuta mti ndani ya ndoo nyuma ya cuisine, watauliza kwanza mwenye nyumba. Kijana atasema ni yake, sawa. Lakini papa amekwisha kwenda buloko kujieleza, amekosa zamu mbili, na habari imefika ku kampani mbele yake.

Ku mlango wa mine

Tunafika ku ulizo la tatu, nalo ndilo zito.

Kampani nyingi kubwa zinapima wafanya kazi ku mlango. Pombe wanaipima kwa pumzi. Bangi mara nyingi wanaipima ku mikojo au ku mate. Na hapa bangi si kama lutuku. Pombe ya jumamosi usiku, jumatatu imekwisha kutoka. Dawa iliyo ndani ya bangi inajificha mu mafuta ya mwili, inatoka polepole. Mtu aliyevuta mara moja, mikojo yake inaweza kumshitaki siku kadhaa nyuma. Anayevuta kila siku, hata majuma. Anaweza kuwa na akili safi kabisa asubui hiyo, na karatasi ikasema kinyume. Kipimo hakiulizi ulivuta lini wala wapi. Kinasema tu: iko.

Tusidanganyane tena upande wa pili. Bangi inapokuwa bado kichwani, mtu anachelewa. Anaona kitu, mkono unakuja nyuma. Anapima vibaya umbali na wakati. Mu kiti nyumbani, si kitu. Mu kamioni ya tani 100 inayoshuka na mawe, au chini ya shimo ambako mwenzako anangoja uvute kamba, kuchelewa kidogo kunatosha. Tunajua wachimbaji wadogo wanaosema bangi inatoa woga wa kushuka. Tunawaelewa: shimo linaogopesha, na franka za jioni ni za lazima. Lakini woga ni mlinzi. Ndio unaokuambia kwamba ukuta umebadilika rangi, kwamba udongo umeanza kudondoka.

Kwa kijana wa mama yetu, hesabu ni nyepesi. Dosi yake iko ku biro. Wakimuita, wanaweza kumpima kabla ya kumpa kofia na viatu. Mbegu tano, majuma 10, kiganja kimoja cha maua. Upande mwingine, kazi aliyoingojea miaka miwili, na ya papa juu yake.

Mbele ya mbabula

Tulimsindikiza mama mpaka kwake. Papa alikuwa ametoka zamu ya usiku, ameketi nje na bakuli la bukari. Kijana alisimama ku mlango. Tulieleza yote, kama tulivyoeleza hapa. Papa hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja tu:

« Ulitaka kuvuta ao ulitaka kuuzisha? »

« Kuuzisha, papa. Minachoka kukuomba franka. »

Papa aliendelea kula. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe, wakati mishahara ilikuwa haifiki, alilimia mama yake lengalenga nyuma ya nyumba, na walikula hiyo, na nyingine mama yake aliipeleka ku soko. Lengalenga nayo, alisema, ina saa yake: ikikosa maji inaogopa, inatoa maua haraka, majani yanakuwa magumu, hakuna anayenunua. Ukiimwagia vizuri, kwa majuma manne unaanza kukata. Na polisi wakipita, unawauzia.

Tulicheka wote, kijana naye kidogo.

Hatuandiki kwamba lengalenga itampa mshahara wa mine. Fungu moja ku soko ni franka chache, na kijana wa miaka 22 anahitaji zaidi ya mboga. Kama kampani haitamuita, ulizo lake lingali pale, na si jamaa peke yake inayopaswa kulijibu. Lakini juma hili, mu nyumba hiyo, wamechagua wasiongeze shida juu ya shida.

Mama alichukua bahasha, akamwaga mbegu tano ndani ya mbabula iliyokuwa inawaka chini ya chungu cha sombe. Zilipasuka kidogo, kama karanga. Tulipoondoka, kijana alikuwa nyuma ya cuisine, anapima kwa hatua mahali pa kulima.