Hapa, Huku au Humu? Uhalisia Ulioongezwa na Ngeli ya Mahali

Istilahi "uhalisia ulioongezwa" huwachanganya wanafunzi wetu wa fasihi, kwani kwao uhalisia ni mkondo wa uandishi. Katika makala haya mafupi tunazungumzia teknolojia: unaielekeza kamera ya simu kwenye jengo, na juu ya picha yake yanatokea maandishi au michoro ambayo kwa macho matupu haipo.

Wasanifu wa programu hizi huambiwa waanze na mtumiaji. Tangu mwaka 1999 Shirika la Viwango la Kimataifa (ISO) lina mwongozo wa usanifu unaomzingatia binadamu. Lakini binadamu yupi? Mwaka 2016 kampuni ya Niantic ya Marekani ilitoa Pokémon GO, mchezo wa kuwinda wanyama wa katuni mitaani kwa simu. Vituo vyake vingi vilitokana na mchezo wake wa awali, Ingress, ambao wachezaji wake walikuwa wamependekeza sanamu, minara na vibao vya kihistoria. Kwa ramani, mnara ni mnara tu. Vituo vikaangukia Makumbusho ya Holocaust mjini Washington na Bustani ya Amani ya Hiroshima. Mchezaji alifikiriwa, aliyekuja kuomboleza hakufikiriwa. Makumbusho yaliomba yaondolewe mchezoni, na vituo vya Hiroshima viliondolewa kabla ya kumbukumbu ya tarehe 6 Agosti mwaka huo.

Muhula uliopita, hapa Uganda, darasa langu la mwaka wa pili liliandika vibao vya Kiswahili vya namna hiyo kwa ajili ya chuo. Tulitumia karatasi, maana simu za kufaa darasani zilikuwa mbili. Kwenye zahanati kundi moja liliandika: "Kupima VVU hapa." Sarufi haina kosa. Ndipo mwanafunzi mmoja, mkimya siku zote, akauliza: na wale wanaokaa kwenye benchi la nje? Yeyote atakayeinua simu atayasoma maneno hayo juu ya vichwa vyao.

Hapo ngeli ya mahali, ambayo huwa tunaifundisha kama jedwali la kukariri, ilipata kazi. "Hapa" hudokeza mahali mahususi. "Huku" ni eneo lisilobanwa. "Humu" ni ndani. Isitoshe, simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi hukosea kwa takriban mita 5, kwa hiyo "hapa" ya simu ingeweza kuangukia benchi, au choo. Kundi likabadilisha kibao kikawa: "Huduma za afya huku."

Wengine walipinga: mgonjwa mgeni ataujuaje mlango? Hoja nzito, na sikuwa na jibu. Tukaenda kumuuliza muuguzi. Alitusikiliza, akasema wagonjwa wengi huulizia kwa askari wa getini, na askari huyo huwaelekeza kwa sauti ya chini.