Uzi: Kwa nini bei za Runda na Kilimani hazishuki hata pesa ikikauka

Kila mdahalo wa uchumi siku hizi hakosi mtu wa kuonyesha winchi za Kilimani akiuliza, "Kwani uchumi mbaya uko wapi?" Mwenzake naye anajibu ati soko la nyumba limeporomoka. Mimi kazi yangu ni kutafutia watu nyumba hapa Nairobi, na naona wote wawili wamekosea.

Kwa mitaa ya matajiri, hali ikiwa ngumu kitu cha kwanza kushuka ni mauzo. Bei inaganda pale pale, bango linakaa getini mwaka mzima.

Mwenye nyumba hashuki kwa sababu mara nyingi hadaiwi. Kenya nzima ina mikopo ya benki ya kununua nyumba takriban 30,000 tu. Wengine wamejenga kwa pesa taslimu, sako ama chama. Asiyedaiwa hana wa kumharakisha.

Hata anayedaiwa ana muda. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka benki impe notisi ya siku 90 alipe, kisha ya siku 40 kwamba itauza. Halafu dalali wa mnada anampa 45 nyingine. Hiyo ni 175, na bado hajakimbia kortini. Tena benki ikiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 ama zaidi, sheria inaanza kwa kudhani haikutafuta bei nzuri. Ndio maana nyumba ile ile inarudi gazetini kwa mnada mara tatu, mara nne.

Sasa, wanunuzi wameenda wapi? Hili sijasikia likisemwa jukwaani. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya karibu asilimia 18.5, bila ushuru. Piga hesabu na mimi. Una milioni 20. Tuseme unanunua fleti Kilimani, mpangaji analipa 110,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1.32, kabla KRA haijachukua asilimia 7.5, kabla ya rangi na mabomba, kabla ya ile miezi nyumba iko tupu. Ukiikopesha serikali, ulikuwa unapata kama milioni 3.7 ukiwa umelala. Wewe ungenunua fleti? Serikali ikikopa sana hapa nyumbani, inang'ang'ania pesa ile ile ambayo ingeenda mjengoni.

Na muuzaji je? Tangu Januari 2023 ushuru wa faida ya kuuza mali ulitoka asilimia 5 hadi 15. Akiuza leo anakatwa, kwa hivyo anangoja, ama anaujumlisha kwa bei.

Zile winchi basi? Winchi unayoiona leo ni uamuzi wa miaka miwili mitatu iliyopita. Haikuambii kitu kuhusu mwaka huu. Na kama unataka kulipia fleti ambayo bado ni shimo, jua kwamba mara nyingi mjengo huo unaendeshwa na malipo ya wanunuzi wenzako. Wakiacha kulipa, simenti inakoma na pesa yako imekwama ndani. Nimeona mwalimu mstaafu akipitia hayo na pesa za uzeeni.

Mjengo ukisimama, wa kwanza kulala njaa ni kibarua anayelipwa kwa siku, mwenye lori la mchanga, na mama anayeuza githeri pale nje. Hao hawamo kwa bei mnazobishania.

Runda na Gigiri kuna mambo yake. Huko kodi nyingi hulipwa kwa dola, na wapangaji ni watu wa UN, balozi na mashirika. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, mashirika mengi yaliyoitegemea yalifuta watu kazi, na simu zangu zikaanza kulia. Mzee mmoja wa Runda ana nyumba tupu tangu wakati huo. Nilimwomba apunguze dola mia tano. Alikataa katakata, akasema mpangaji nimpe miezi miwili bure na rangi mpya. Jana amenipigia tena: sasa ni miezi mitatu bure, lakini bei niiache pale pale.