Kazi ya Lindo Bara: Maneno Machache kwa Wazee wa Vijana

Wanachama wenzetu, kila msimu wa karafuu ukimalizika na majamvi yakishakunjwa, vijana wetu kadha wa kadha hupanda boti kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mlango wanaoukuta wazi aghalabu ni wa kampuni ya ulinzi. Mimi niliifanya kazi hiyo tangu mwaka 2014 hata 2016, nikilinda ghala, nami naona yafaa kuieleza ilivyo, kwani kijana akipiga simu nyumbani husema "salama tu" akanyamaza.

Sote tumepata kulinda. Utotoni nililala kando ya sakafu ya karafuu. Mvua ikidondoka niamshe watu, mwizi akija nipige ukelele, na mtaa mzima watoke. Kwenye lindo la mjini huna mtaa. Una kirungu, tochi, filimbi, na daftari la kuandika kila gari liingialo na litokalo. Msimamizi hupita usiku kwa pikipiki. Akikukuta umesinzia, huandika. Usingizi wa saa tisa usiku, jamani, si mchezo. Nilikuwa nikitembea kuuzunguka ukuta nikihesabu hatua, maana ukikaa tu umekwisha.

Zamu yetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni hata saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa juma. Sasa natuhesabu. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 yaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na ziada isizidi saa 50 katika majuma manne. Hata ukitoa saa moja ya mapumziko kila usiku, sisi tulifanya saa 66 kwa juma, yaani ziada ya 21, na kwa majuma manne ni 84. Ziada hulipwa mara moja na nusu, na saa za usiku, kuanzia saa mbili hata saa kumi na mbili asubuhi, huongezwa asilimia 5. Katika hati zangu za mshahara sikuiona hata moja. Sikuuliza, sikujua kama kuna la kuuliza.

Mshahara wenyewe, kwa amri ya mwaka 2013, kima cha chini kilikuwa shilingi 150,000 kwa makampuni makubwa na 100,000 kwa madogo. Amri ya mwaka 2022 ilipandisha hadi 222,000 na 148,000. Kijana na aulize kampuni yake imo katika fungu lipi, na amri iliyopo siku hiyo yasemaje.

Lililoniuma zaidi ni hili. Usiku mmoja matairi mawili yaliibiwa ghalani. Sikuitwa kujieleza, mwisho wa mwezi nikakuta nusu ya mshahara haipo, na mwezi wa pili vivyo hivyo. Nikaonyeshwa karatasi niliyotia saini siku ya kwanza, ya Kiingereza, nisiyoisoma. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sheria ile ile yataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara. Tena yamlazimu mwajiri amweleze mfanyakazi masharti ya kazi kwa namna atakayoifahamu. Laiti ningejua, ningekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kazi yake ni kesi za namna hii.

Sisemi vijana wasiende. Fedha yangu ya lindo ndiyo iliyonunua miche niliyopanda bondeni mwaka 2017, na walinzi wenzangu walikuwa watu wa kushibana.

Mwanangu mwenyewe anataka kwenda baada ya mavuno haya. Nimemwambia mkataba niuone kabla hajatia saini. Asema kampuni itampa akifika.

Nimemwambia basi angoje.